Nyuma ya Mwavuli wa Manjano

Leo sina la bei ya mchicha wala la foleni za magari. Nataka kuungama, na nawaomba ndugu zangu wa Unguja wanaonisikiliza wasinicheke mpaka nimalize.

Kazi hii ya utangazaji imenivusha bahari mara nyingi kwenda Zanzibar kutafuta habari, na kila nifikapo Mji Mkongwe mahali pangu ni baraza moja ya kahawa, pale wazee wanapocheza bao na kubishana juu ya mpira. Ukikaa pale saa moja tu, watalii watakupitia makundi matatu au manne. Wengi wao, kama mnavyojua, ni Wataliano wanaotoka kwenye hoteli za Kiwengwa na pwani ya mashariki. Mbele anatangulia kijana wetu ameinua bendera ndogo au chupa tupu ya maji, nyuma wanafuata watu 30 wenye kofia na kamera. Wanasimama mbele ya mlango wa nakshi, wanaupiga picha, wanatazama saa, wanaondoka. Mzee mmoja pale barazani ana neno lake: "Hao, mbuzi wanarudi zizini." Tunacheka, tunaagiza kahawa nyingine.

Basi mwezi Septemba 2024 nami nikawa mbuzi, tena huko huko kwao.

Ilikuwa hivi. Nilialikwa Roma kwenye semina ya siku tano ya watangazaji wa vipindi vya wakulima. Tiketi na malazi vililipwa na wenyeji, na posho haikuwa mbaya kwa mtu aliyekuwa tayari kula mkate na ndizi. Nikasema moyoni, nimefika miaka 47, sijui kama nitaalikwa tena. Kwa nini nisiongeze siku saba nikaiona hiyo Italia? Nikamweleza mama watoto usiku baada ya chakula. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba Asha, hizo si ndizo tulizosema za mabati?" Nilimjibu kwamba mabati yapo siku zote dukani, lakini Roma haiji Mbagala. Jibu hilo lilinifurahisha mimi peke yangu.

Sasa mtu ataniuliza, kwa nini ziara ya kundi? Mwanahabari mzima, mwenye miguu yake na ulimi wake, anahitaji kushikwa mkono? Jawabu ni viza. Ukitaka kwenda kuzurura Italia peke yako unatakiwa uonyeshe utalala wapi kila usiku, uonyeshe fedha zako za benki, bima yako, barua ya mwajiri wako, na ulipe euro 90, ambayo ndiyo ada tangu Juni 2024. Ziara ya kundi ina usiku wote umeandikwa kwenye karatasi moja, hoteli kwa hoteli. Mtaliano anayekuja kwetu hulipa dola 50 uwanja wa ndege, anagongewa muhuri, analala anakotaka. Sisemi kwa uchungu. Natoa taarifa tu. Nikanunua ziara ya siku saba kwa basi, karibu euro 1,100. Euro moja siku hizo ilikuwa kama shilingi 3,000, kwa hiyo hesabu ya mabati mnaweza kuifanya wenyewe.

Tulikuwa watu 41. Waaustralia, Wakanada, Wamarekani, familia moja ya Kihindi kutoka Durban, na mimi. Kiongozi wetu alikuwa mama wa Kitaliano wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya mwalimu mkuu, na mkononi hakukosa mwavuli wa manjano uliokunjwa. Jina lake nitalihifadhi. Mimi nilimwita Mama Mwavuli, na kwa Kiswahili hakuna aliyenielewa. Siku ya kwanza alitugawia vitu viwili. Cha kwanza ni beji ya kuvaa shingoni yenye rangi ya manjano kama mwavuli. Cha pili ni kidude kama redio ndogo chenye waya wa sikioni, ili yeye akinong'ona mbele kule, sisi wa mkiani tusikie. Nilifurahi. Baada ya miaka zaidi ya 20 ya kusema kwenye masikio ya watu, sasa mtu anasema kwenye langu.

Utaratibu wa ziara hizi ni mmoja, na kila aliyewahi kwenda ataukumbuka: kumi na mbili, moja, mbili. Saa kumi na mbili asubuhi simu ya chumbani inalia kukuamsha. Saa moja begi lako liwe nje ya mlango, lichukuliwe. Saa mbili basi linaondoka. Kati ya hapo unywe chai. Tangu shule ya bweni sikuwahi kuishi hivyo, na nasikitika kusema kwamba siku ya tatu nilikuwa nimeshazoea, nakaa kwenye kiti changu dakika tano kabla na kuwatazama kwa jicho baya wanaochelewa. Chakula sitakisemea sana. Mwislamu katika Italia hujifunza kuuliza swali moja kabla ya kila sahani, na wahudumu walinijibu kwa adabu siku zote.

Wala nisiwe mnafiki. Ziara ina faida zake. Pale Vatikani foleni ya wasio na tiketi ilikuwa ndefu kuliko foleni yoyote ya sukari niliyoiona utotoni mwangu, nasi tukapita kando yake kama wageni rasmi. Ukiwa nyuma ya mwavuli hupotei, huibiwi kwa urahisi, na unajua choo kilipo na kwamba uandae euro moja ya kuingilia. Niliingia Kolosseo, ule uwanja mkubwa uliozinduliwa mwaka 80 baada ya Kristo, uliokuwa ukichukua watu kama 50,000 kutazama wenzao wakiuana. Niliisimamia dari ya Sistina, aliyoichora Michelangelo kati ya mwaka 1508 na 1512. Humo viongozi wa watalii hawaruhusiwi kuhutubia, kwa hiyo maelezo hutolewa nje mapema, kisha mnaingia kimya, shingo juu, mmebanana kama daladala ya jioni, na kila baada ya muda askari anapaza sauti, "Silenzio!" Kwa hakika sauti kubwa kuliko zote mle ndani ilikuwa yake. Tulipewa dakika 15. Michelangelo miaka minne, sisi dakika 15. Hata hivyo nilitoka machozi yananilengalenga, na siwezi kueleza kwa nini.

Jambo la kwanza lililonishtua lilitokea kwenye basi. Tulikuwa tunapita karibu na uwanja wa kale wa mbio za farasi, Circo Massimo. Mama Mwavuli akasema kwenye kipaza sauti tutazame kushoto, akaeleza magari ya farasi, mashabiki, wafalme. Abiria wote wakageukia kushoto. Mimi peke yangu nikageukia kulia, maana mahali hapo nilipajua. Semina yetu ilikuwa mtaa huo huo, na kwenye mapumziko ya chai mwenzetu mmoja kutoka Ethiopia alitutoa nje akatuonyesha kiwanja.

Pale, wasikilizaji, mbele ya jengo ambalo leo ni makao makuu ya FAO, lilisimama jiwe la Aksum. Ni nguzo ya jiwe ya kale ya Waethiopia, urefu mita 24, uzito tani 160. Jeshi la Mussolini lilipoivamia Ethiopia, jiwe lile lilichukuliwa vipande vipande na mwaka 1937 likasimamishwa Roma kama kombe la ushindi. Na hilo jengo la FAO lenyewe, linaloshughulika leo na njaa ya dunia, lilianza kujengwa liwe wizara ya makoloni ya Italia katika Afrika. Mwaka 1947 Italia ilitia sahihi mkataba wa kurudisha ilivyovichukua. Jiwe lilirudi mwaka 2005. Miaka 58! Likasimamishwa tena kwao Aksum mwaka 2008. Mwenzetu yule alisema baba yake alikufa akilisubiri.

Tuliposhuka nikamfuata Mama Mwavuli, nikamwuliza kwa upole mbona upande wa kulia hakuusema. Alinitazama, na niliona kwamba analijua jambo lenyewe vizuri. Akasema, "Bwana, pale pana dakika moja ya taa nyekundu. Nikisema la kushoto, la kulia limepita." Kisha akainua mwavuli, tukaenda.

Sikumchukia. Mimi mwenyewe nahariri habari. Nina dakika tano za taarifa na habari 12 mezani, na kila siku kuna la kulia linalopita. Lakini toka hapo nilianza kutazama upande ambao mwavuli hauelekezi.

Jirani yangu wa kiti alikuwa muuguzi mstaafu kutoka Australia, bibi wa miaka 70 na zaidi, mwema sana, aliyenigawia pipi safari nzima. Alipojua nitokako akafurahi: "Tanzania! Nimefika Zanzibar, siku mbili." Nikamwuliza anakumbuka nini. Akafikiri. Milango, akasema. Karafuu na mdalasini. Na kijana aliyepanda mnazi huku anaimba. Nikangoja aendelee, hakuendelea; vilikuwa vimekwisha. Nilitaka kucheka kama ninavyocheka barazani, kisha nikajiuliza Roma nakumbuka nini, na ilikuwa jana tu. Uwanja, dari, mwavuli.

Pisa tulipita kama upepo: saa moja na nusu, na nusu yake tulikwenda na kurudi kwenye maegesho ya mabasi. Mnara umeinama kweli. Ulifungwa mwaka 1990 kwa hofu ya kuanguka, wakaunyoosha kidogo, wakaufungua mwaka 2001. Hawakuunyoosha kabisa, maana nani angekwenda kutazama mnara ulionyooka? Watu mia moja walikuwa wamesimama majanini wameinua mikono hewani wakijifanya wanauzuia usianguke, wapigwe picha. Nami nilipiga. Picha ninayo.

Florence ndiko nilikofanya jambo ninalotaka kuungama.

Asubuhi tulimwona Daudi wa Michelangelo, yule wa marumaru, mrefu zaidi ya mita tano, na mchana tukapewa saa moja ya kujitafutia chakula. Nilinunua mkate na jibini nikawa natembea nakula. Njiani nikawakuta vijana Waafrika wanne wametandaza mashuka meupe chini, juu yake mikoba ya kike imepangwa. Kila shuka limefungwa kamba pembe nne, ukivuta mara moja mzigo wote unakuwa furushi. Mmoja akaniona, akaita, "Fratello!" Maana yake ndugu. Alitoka Senegal. Kiingereza chake kidogo, Kifaransa changu kidogo zaidi, tukaelewana. Aliniuliza niko Italia tangu lini. Nikasema siku ya kumi. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza nimepita bahari gani, na nalala wapi. Nikamwambia nalala hotelini, mimi ni mtalii, nikamwonyesha beji. Alicheka, wasikilizaji, alicheka mpaka akawaita wenzake waje wanione. Mtalii! Walinipeana mikono kama niliyefunga bao.

Mara mmoja akapiga mluzi. Sikujua maana yake mpaka nilipoona shuka zote nne zimeshakuwa mafurushi na vijana wanakata kona. Nyuma yao wakaja polisi wa manispaa, wawili, wanatembea haraka bila kukimbia. Nami nimesimama pale pale kwenye nafasi tupu, mkate mkononi. Mmoja wa polisi akanitazama, jicho la kwanza, lile ambalo hata hapa nyumbani mnalijua. Na mkono wangu ukanyanyuka wenyewe ukaiinua beji. Juu kabisa, karibu na uso, ile rangi ya manjano ionekane. Sikuulizwa neno. Polisi alinipa heshima kwa kichwa, akapita.

Hakuna mtu aliyenidhuru. Hakuna aliyenitukana. Lakini mkono ule sikuutuma. Dakika moja nyuma nilikuwa ndugu yao, dakika ya pili nikawa natangaza kwamba si mwenzao. Nilibaki pale, mkate umenishinda kumeza. Kidude cha sikioni kikakohoa, sauti ya Mama Mwavuli ikatokea kutoka mahali fulani, inatukumbusha tusinunue mikoba ya barabarani, maana sheria ya Italia humtoza faini hata mnunuzi wa bidhaa bandia, na faini hiyo inaweza kufika euro 7,000. Alisema kweli, sheria hiyo ipo. Hakusema, na wala hakuwa na haja ya kuwaambia watu walio likizo, kwamba katika mji huo huo mzuri, Desemba 2011, wachuuzi wawili wa Kisenegali walipigwa risasi sokoni wakafa, na Machi 2018 mwingine akauawa darajani, mchana, akiuza vitu kama vile. Hayo niliyajua kwa sababu niliwahi kuyasoma kwenye taarifa ya habari, kwa sauti hii hii mnayoisikia, baada ya habari za bunge na kabla ya hali ya hewa.

Usiku ule hotelini nilifikiria vijana wetu wa Unguja wanaoitwa papasi. Mara ngapi nimemwona kiongozi wa watalii akiwapungia mkono watoke njiani, na sisi barazani tukaona ni sawa?

Kesho yake tukaenda Venice. Mji ule tangu Agosti 2024 hauruhusu kundi la watalii kuzidi watu 25, na viongozi wamekatazwa vipaza sauti, kwa hiyo tukagawanywa mafungu mawili, tukaongezewa kiongozi wa hapo. Venice ni kama walivyosema, na zaidi. Hakuna gari. Gari la wagonjwa ni boti, gari la taka ni boti, hata jeneza linakwenda kwa boti. Mtu wa pwani akifika pale harufu ya maji inamwambia karibu.

Mbele ya kanisa la Mtakatifu Marko kiongozi wa hapo alituonyesha juu farasi wanne wa shaba. Akasema hao ni nakala, wenyewe wamehifadhiwa ndani. Akaeleza kwamba mwaka 1204 Waveneti waliwachukua Konstantinopoli, na hapo akatabasamu, kama mtu anayesimulia utundu wa mjomba wake. Halafu akaeleza kwamba mwaka 1797 Napoleon alikuja akawachukua akawapeleka Paris, na hapo uso ukabadilika kabisa. Ule ulikuwa wizi. Walirudishwa mwaka 1815. Nilihesabu kwa vidole: miaka 18. Nikamtazama Mama Mwavuli, naye akanitazama. Alijua ninachokifikiria. Akainamia mwavuli wake, na nadhani alikuwa anacheka.

Baada ya hapo tukapelekwa kwenye karakana ya vioo, kama kila kundi. Fundi anachota kioo chekundu kutoka tanuri, anakivuta kwa koleo hapa na pale, na kabla hujamaliza kushangaa amekwisha kutengeneza farasi. Makofi. Kisha mlango unafunguliwa, na mlango wenyewe unaingia dukani, na dukani mnapewa muda mrefu kuliko tuliopewa kwa Michelangelo. Wenzangu walipomaliza kununua wakaenda kupanda gondola, ambayo ni malipo ya ziada, euro 40 kwa kichwa. Mimi nikasema nitabaki. Tukapatana kukutana gatini saa kumi na moja kamili.

Kwenye kona ya duka, ndani ya kabati la kioo, mbali na vikombe na vinyago, zilining'inia nyuzi za shanga kuukuu. Nyekundu, ndani nyeupe. Nikasimama kama niliyepigwa msumari.

Mimi asili yangu Bagamoyo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mkufu wa shanga nyekundu alioachiwa na mama yake, akiuhifadhi ndani ya kopo la biskuti, nasi wajukuu tuliruhusiwa kuugusa sikukuu tu. Akiziita samesame. Nilidhani ni shanga za Kiafrika. Wengi wetu tunadhani hivyo. Kumbe samesame zilitengenezwa hapa Venice, zikapakiwa merikebuni mpaka Zanzibar, zikauzwa kwa uzito kwa wenye misafara, zikabebwa kichwani kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Ndizo zilizokuwa fedha za barabara ile. Ndizo zilizonunua unga na kuku njiani, zikalipa hongo kwa watemi, zikanunua pembe za ndovu, na ndugu zangu, zikanunua watu. Stanley alipofika Zanzibar mwaka 1871 kujiandaa kumtafuta Livingstone, ilimbidi ajifunze kwanza ni rangi gani inakubalika nchi gani, maana ukifika mahali na rangi wasiyoitaka utalala njaa na magunia yako yamejaa.

Muuzaji alikuwa mzee wa miaka mingi. Nilimwonyesha kwa kidole. Akanitazama usoni, akaitazama beji, akasema, "Africa. Africa." Kisha akafanya kwa mikono kama mtu anayepima kwenye mizani, "kilo, kilo, kilo." Alijua. Katika siku saba zile, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyenionyesha kwamba Italia na kwetu tuliwahi kujuana, na hakuwa na mwavuli. Bei ya uzi mmoja ilikuwa euro 60. Tukavutana kwa vidole na kalamu mpaka 45. Hiyo ni shilingi 135,000. Babu zetu walitoa pembe kupata shanga, mimi nikatoa mabati.

Nilipotoka bado nilikuwa na saa nzima. Nikaivua beji nikaitia mfukoni, nikachomoa na waya sikioni, nikatembea. Nilipotea mara moja. Katika vichochoro vile, kwa kweli, nilikuwa kama niko Shangani au Malindi ya Unguja: ukuta huku, ukuta huku, nguo zimeanikwa juu, halafu ghafla maji. Nilimwona bibi kizee anavuta kikapu cha magurudumu, akifika kwenye ngazi za daraja anakinyanyua ngazi moja moja. Nikamsaidia. Alinishukuru kwa maneno mengi ambayo sikuyaelewa hata moja.

Karibu na daraja la Rialto nikakuta duka la dawa lenye mbao ya namba dirishani. Tangu mwaka 2008 wameiweka pale ionyeshe wenyeji waliobaki katika mji wa kale, na kila wakipungua nayo inapungua. Mwaka 1951 walikuwa karibu 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Nyumba zimekuwa hoteli na vyumba vya wageni, duka la mkate limekuwa duka la vinyago, na kijana akioa inambidi ahamie bara. Nilisimama pale nikawa naitaja mitaa ya Mji Mkongwe moyoni, nyumba moja moja, hii hoteli, hii hoteli, hii bado, hii hoteli. Mji wetu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Venice mwaka 1987. Wametutangulia miaka 13. Yule mzee wa barazani, mwenye neno la mbuzi, mtoto wake amekwisha kuwauzia watu nyumba na kuhamia Mwanakwerekwe.

Nilipotazama saa ilikuwa kumi na moja na dakika kumi.

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu, na tumbo langu, nilikimbia kwenye madaraja. Nikafika gatini saa kumi na moja na dakika 25, na boti lilikuwa limengoja, watu 40 wamekaa wananitazama kwa lile jicho ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikiwatazamia wengine. Mama Mwavuli hakunigombeza. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Ulikuwa upande wa kulia?" Muuguzi wa Australia akasogeza mkoba wake nikae, akanipa pipi.

Nimerudi nyumbani. Bati hatujanunua, na mvua za vuli za mwaka ule zilitupata na ndoo mbili sebuleni. Mama watoto hakusema neno, aliziweka tu mahali ambapo nisingeweza kuziruka bila kuziona. Shanga nilimpelekea mama yangu Bagamoyo. Alizitoa kwenye karatasi, akazipitisha vidoleni moja moja kama anayehesabu tasbihi, akazinusa.

"Samesame," akasema. "Lakini za bibi yako zilikuwa ndogo kuliko hizi, mwanangu. Umezipata wapi?"

Nikamwambia, kwa wanaozitengeneza. Akaniuliza bei. Nilimtajia nusu yake, na bado aliniita mpumbavu.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.